Kibao cha Kiswahili

Mwaka 1927 Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Hargreave, mstaarabu kupindukia, alipiga marufuku Kiswahili shuleni. Yeyote aliyesikika akikisema alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwingine. Kengele ya jioni ikimkuta nacho, viboko sita.

Siku hiyo kilikuwa shingoni mwa Chambuso. Zilipobaki dakika tano, alimfuata Bwana Hargreave, akamwambia kwa Kiingereza safi: "Samahani, Bwana. Mpishi anasema hujui Kiswahili hata cha kuombea maji."

Mzungu aliwaka, akageukia jikoni. "Wewe mpishi! Mimi najua Kiswahili kushinda mama yako!"

Chambuso alivua kibao, akamvisha kwa adabu zote. Kengele ikalia.

"Fimbo nikuletee, Bwana," aliuliza, bado kwa Kiingereza, "au utaifuata mwenyewe?"