Mpishi Aliyeliliwa Akiwa Mzima

Wapendwa, niwape habari za mpishi mmoja wa pilau za harusi. Mtu wa watu, mnene, mcheshi, na kuonja kwake ni sahani nzima! Lakini ikafika mahali akawa anasinzia mchana mwiko mkononi, na miguu ikavimba hadi viatu vikakataa. Mkewe akampeleka hospitali.

Daktari akamwambia, "Baba, unene unakubana. Ukilala, hewa unayovuta haitoshi, na moyo ndio unaoteseka. Nenda na mashine hii ya kupumulia, uvae barakoa yake kila unapolala. Usitazamie muujiza kesho. Moyo hutulia taratibu, mwezi baada ya mwezi."

Akaivaa vizuri tu. Sasa mkewe, bombani, akamwambia jirani, "Mume wangu siku hizi yuko kwenye mashine."

Mnacheka nini? Si mnajua kwetu mtu akiwa "kwenye mashine" maana yake nini! Habari ikazunguka mtaani hadi ikawa ameshakata roho. Jumamosi mchana akina mama hao, kanga kiunoni, unga na sukari kichwani, na pambio la msiba limeshaanza mlangoni. Mpishi alikuwa amejilaza baada ya chakula. Akatoka na barakoa yake usoni.

"Jamani, nani amekufa?"

"Wewe!" akajibu mmoja kabla hajafikiri.

Mtaa mzima ukacheka wiki nzima. Mpishi akaona aibu, akaifungia mashine kabatini. Haukupita muda, miguu ikavimba tena. Kufika getini tu anahema.

Mkewe akaketi, akaipakata ile miguu. "Baba watoto, ukilala pumzi inakatika, nami nakaa nasubiri irudi. Naogopa, mume wangu. Wao unawaonea aibu. Mimi je, hunionei huruma?"

Mpishi akainuka, akaenda mwenyewe kabatini. Safari hii hakuikosa hata siku moja, wacheke wasicheke. Baada ya mwaka daktari akaupima moyo wake, akasema, "Mzigo umepungua, baba. Endelea hivyo hivyo."

Sasa ndugu zangu, sisi tukoje? Kuonekana tunaumwa hatutaki, kuonekana tunasaidiwa ndiyo kabisa! Tuko radhi tuje kusifiwa kaburini, kuliko kuchekwa tukiwa hai. Mungu anatuletea msaada hadi chumbani, sisi tunauliza, majirani watasemaje? Na yule anayetupenda tunamwacha na hofu yake peke yake. Huo ni upendo gani?

Naona mnageuka kutazamana, kila mmoja anamtafuta mwenzake. Acheni. Nitazameni mimi. Mimi mchungaji wenu nilipewa mashine kama hiyo kabla ya Pasaka, na tangu siku hiyo iko uvunguni kwenye boksi lake.

Mama mchungaji, usilie. Nisamehe. Leo naivaa.