Kwa Nini Mtu Akivuka Kizingiti Husahau Alichokijia

Kabla watu hawajajua mlango, hawakujua kusahau. Nyumba za mji wa Mwangeni zilikuwa ukumbi mmoja mrefu, kuta zake za mawe na udongo, upande wa mbele ukiwa wazi. Mtu alilala, akapika, akapokea wageni na akafa mahali pamoja, na mambo yake yote yalikaa naye humo pasipo kitu cha kuyatenganisha. Lililotukia asubuhi na lililotukia utotoni yalisimama mbele yake bega kwa bega. Mzee aliyeungua mkono akiwa mtoto alipiga ukelele kila alipouona moto, kwa kuwa aliungua upya. Hakuna aliyepoteza jina wala ahadi, lakini hakuna aliyepona. Matanga yaliwekwa, hayakuanuliwa.

Katika mji huo alikaa mwanamke msusi wa mikeka, jina lake Mwanamize, pamoja na mumewe Kombo. Binti yao wa kwanza aliitwa Mwanatumu. Siku moja mama alikuwa akishona ukili wa mkeka, mstari umekaribia kukamilika, akamsikia mtoto akimwita kutoka upande wa kisima: "Mama." Akajibu bila kuinua kichwa, "Ngoja nimalize." Alipomaliza akatoka, akakuta mitalawanda midogo, viatu vya mti vya mwanawe, ukingoni mwa kisima, na maji yametulia.

Tangu hapo sauti ile haikunyamaza. Mwanamize aliisikia akitwanga, akila, akisuka, daima kwa ukaribu uleule na kwa utulivu uleule. Baadaye akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Kheri. Kheri alipolia kwa njaa, mama yake hakumsikia, maana sauti ya aliyekufa ilimjaa masikioni kuliko ya aliye hai. Alimpakata macho yakiwa kisimani, na ziwa halikutoka ndani ya nguo. Shingo ya mtoto ikawa nyembamba, na kilio chake kikapungua hadi kikafanana na mlio wa paka mchanga.

Jirani yao, kikongwe aliyeitwa Bi Kiumbe, ndiye pekee aliyethubutu kusema.

"Mize, unamlilia mmoja na kumuua wa pili."

"Nimsikieje, bibi? Yule hanyamazi."

"Basi mtafutie pa kumweka. Humu ndani mmejaa."

Maneno hayo yalimpeleka Mwanamize kwa Fundi Mwinyikai, seremala wa mji, akamwomba ampasulie nyumba yake sehemu mbili. Fundi akajenga ukuta katikati, mbele ukumbi na nyuma chumba, akaacha uwazi wa kupita, akauwekea miimo miwili na boriti ya juu. Uwazi ule ndio mlango wa kwanza ulimwenguni. Kilichokosekana ni mti wa kulaza chini, kati ya mwimo na mwimo.

Mwinyikai alikuwa na ubao mmoja. Ndiye aliyechonga mbao za kufunikia mwanandani kaburini kwa Mwanatumu, na kwa kuwa maiti alikuwa mfupi, kipande kilibaki. Desturi ya Mwangeni, tangu enzi za mababu, ni kwamba mabaki ya mbao za kaburi hufukiwa papo hapo, hayarudi mjini. Lakini ulikuwa mbambakofi mzuri usio na kidonda, na fundi aliuonea uchungu. Aliupeleka nyumbani chini ya kanzu, akauegemeza ukutani, na kila alipopita alihisi baridi ikitoka ndani yake. Siku ile aliutoa, akaulaza mlangoni. Ubao ulikuwa umechongwa kwa kazi moja, kumtenga aliye chini na walio juu. Ulibadilishwa mahali, kazi haukuiacha.

Mwanamize akambeba Kheri ubavuni, akavuka. Katikati ya hatua sauti ikakatika, kama uzi unaokatwa kwa meno. Akasimama chumbani, akageuza kichwa huku na huku, kisha akakisikia kilio cha Kheri kana kwamba kimeanza muda ule. Akaketi, akamnyonyesha. Kombo, aliyekuwa akiwatazama kwa machozi, naye akavuka. Alipofika upande wa pili alijifuta mashavu, akautazama unyevu wa kiganja chake.

"Nilikuwa nalia nini?" akauliza.

Mwanamize hakujua.

Mji mzima ukataka milango. Mwinyikai aligundua kwamba mti wa kawaida haufanyi kitu, basi akachanja vibanzi ubavuni mwa ubao ule pasipo kuuondoa, akapachika kibanzi kimoja chini ya kila kizingiti, na kila kibanzi kilitosha. Matanga yakaanza kuanuliwa. Wajane wakacheka. Mambo madogo nayo yakapotea pamoja na makubwa, na watu wakayafanyia mzaha.

"Nimekuja kuchukua nini humu?" Kombo alisema siku moja, amesimama katikati ya chumba mikono mitupu.

"Waniuliza mimi? Si umekuja na miguu yako?"

"Miguu imefika. Mwenyewe sijafika."

"Basi ngoja, huenda ukaja."

Walicheka sana. Katika kufagia, Mwanamize akaiona mitalawanda midogo chini ya kitanda, akaigeuzageuza mkononi.

"Hii ya nani?"

"Labda ya wenyeji waliokaa hapa kabla yetu," akasema Kombo.

Nyumba ile waliijenga wao wenyewe.

Kheri akanenepa, akafikia umri wa kutambaa. Watoto wengine walikivuka kizingiti kwa magoti na kuendelea, lakini yeye alikifikia akakaa. Alilala kifudifudi, shavu juu ya mti, akacheka kwa kituo, kama achekavyo mtu anayesimuliwa. Mama yake alimwinua, naye akarudi palepale.

Adhuhuri moja ya jua kali, mji umelala, Mwanamize alimfuata akainama karibu naye. Ndipo alipousikia mti. Ndani yake mlikuwa na sauti nyingi za chini kwa chini, kila moja ikirudia lake pasipo kuchoka: panga, chumvi, nitakuja Ijumaa, usiniache peke yangu. Na karibu kabisa na shavu la Kheri ilikuwako sauti ndogo, haina haraka, inasema, "Mama."

Mwanamize akainuka, akachungulia nje aone ni mtoto wa nani anayemtafuta mamaye. Njia ilikuwa tupu. Nyuma yake Kheri akainua uso kutoka kizingitini, akatamka neno lake la kwanza.

"Tumu."

Alimchukua mtoto, akaenda kwa Bi Kiumbe. Kikongwe yule alikuwa amekataa mlango. Nyumba yake peke yake mjini ilikuwa bado wazi, naye alikaa humo na wafu wake wote, akichagua mchele.

"Bibi, Tumu ni nani?"

Bi Kiumbe akacheka akidhani anataniwa, kisha akamtazama usoni, akauweka ungo chini.

"Ni mwanao."

"Mwanangu ni huyu."

"Ni mwanao wa kwanza, Mize. Nilimwosha mimi kwa mikono hii, nawe ulinishikia maji."

Mwanamize hakulia. Hakuwa na cha kulilia. Alishikwa na hofu tu, hofu ya mtu anayeambiwa kwamba amelala miaka yote na mtu mwingine chumbani, na hakumwona.

Walikwenda pamoja kwa Mwinyikai. Fundi alieleza ubao ulikotoka, akiyatazama mavumbi ya randa miguuni mwake.

"Haumezi," akasema. "Unaweka. Mtu akirudi pale aliposimama kabla ya kuvuka, akakaa kama alivyokaa, atapewa chake. Lakini haugawi nusu, mama. Ukimtaka mtoto, kisima nacho utapewa."

"Na Kheri? Nitamsikia?"

"Hilo silijui."

"Upunguze, basi. Upige randa usiwe na nguvu ya kubeba mtu kamili."

"Nikiupunguza yumo ndani, sijui nitapunguza nini chake. Mtoe kwanza."

Waliporudi nyumbani, Mwanamize akampa Bi Kiumbe mtoto, akavuka kutoka chumbani kurudi ukumbini. Akatandika jamvi la zamani, akaketi, akashika ukili, akainamisha kichwa. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Kisha sauti ikaja, na haikutoka mlangoni tena, ilitoka upande wa kisima.

"Mama."

Sindano ilikuwa katikati ya mstari. Vidole vyake vilitaka kumaliza, alivisikia vikitaka. Akauangusha ukili.

"Naam, mwanangu," akasema. "Naja."

Yakaja yote kwa pamoja: maji, ukingo, uzito wa nywele zilizolowa, na yakaja yasiyokuwa ya kisima, harufu ya nazi utosini, jino lililokuwa likitikisika, wimbo wa kubembelezea uliokosewa maneno makusudi. Mwanamize alilia kwa sauti iliyowaamsha majirani. Kheri, mikononi mwa Bi Kiumbe, akashtuka naye akalia. Mama akainua kichwa. Alizisikia sauti zote mbili, akasimama, akamwendea yule wa kushikika.

Siku hiyo Mwinyikai alipita nyumba hadi nyumba, akavipiga randa vibanzi vya vizingiti vyote, na ubao wa kwanza pia, mpaka vikawa vyembamba kama ganda la kitunguu. Hakuvitoa, wala hakuuliza kama bado yumo mtu ndani. Watu wa Mwangeni walikwisha kuonja usingizi, wasingekubali kurudi kwenye moto wa daima.

Mwanamize aliishi, akamlea Kheri, akamtaja Mwanatumu kwa jina kila siku. Ila mara kwa mara alisimama katikati ya chumba, mkono wake wa kushoto umening'inia na kukunjika vidole, kama wa mtu anayeongozana na mtoto. Urefu wa mtoto huyo haukuwa wa Mwanatumu, wala wa Kheri. Alimwuliza Kombo kama palikuwa na mtoto mwingine. Kombo akawauliza majirani. Bi Kiumbe alikuwa amekwisha kufa, na wengine wote walikuwa na milango.

Kuanzia siku ile hata hii ya leo, mtu huondoka ukumbini na jambo kamili kichwani, akavuka hatua moja, akajikuta amesimama chumbani hajui alichokijia. Akirudi alikotoka, humjia. Kuanzia siku ile msiba nao huchubuka kidogo kila tuingiapo na kila tutokapo, mpaka tunaweza kuubeba na kula. Mtu hulirudia lililomtoka kwa sababu anajua kwamba limemtoka. Lile asilojua kuwa aliwahi kuwa nalo halirudii, nalo lipo palepale, chini ya mguu wake, linamwita bila haraka.