Nyayo Tatu za Kumtetea Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mnaumwa? Na nyie wakubwa huko nyuma, midomo mmeiazima? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Zamani sana, kale ya akina kale, wanyama walipokuwa na majumbe na mabaraza yao, palikuwa na bonde, na bondeni aliishi Bibi Muhanga. Mnamjua muhanga? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, chakula chake mchwa. Mchana amelala fofofo. Usiku anachimba, tifu, tifu, tifu! Akimaliza mchwa wa hapa anahama, shimo analiacha. Ngiri anaingia. Nungunungu anaingia. Wengine wanazalia humo. Wangapi walimwambia asante? Nyamazeni, sijawauliza nyinyi.

Siku moja Jumbe Nyati, mkuu wa bonde, akatumbukiza mguu shimoni. Kacha! Ukateguka. Akafoka: "Huyu mchimbaji atatuua! Leo jua likitua, Muhanga ahame bonde langu. Asipohama, nitamtoa kwa pembe."

Digidigi akasikia. Digidigi ni mnyama mdogo, miguu kama vijiti, na wasiwasi alizaliwa nao. Jani likianguka, yeye keshakimbia. Moyo ukamwenda mbio, pu-pu-pu-pu! Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita moto wa nyika ulipokuja, yeye aliponea ndani ya shimo la Muhanga, amejikunja ubavuni mwa yule bibi. Alipotoka aliwaambia wenzake nini? "Nimeushinda moto mbio!" Wakampigia vigelegele, wakamtungia na wimbo. Uongo ukamkaa kooni mwaka mzima.

Siku hiyohiyo Korongo, mjumbe wa Mfalme Simba, alikuwa barazani akikusanya majina ya Nishani ya Ujirani Mwema. Kila bonde lilitoa jina moja. Na desturi ilikuwa hivi: jina likishapokelewa, mwenye jina haguswi na jumbe yeyote mpaka Simba aamue.

Digidigi akafika anahema. "Nampendekeza Bibi Muhanga!"

"Vyema. Nataka nyayo tatu." Korongo akaweka bonge la udongo mbichi juu ya jiwe bapa. "Mashahidi watatu wa bonde hili. Kila mmoja aseme mbele ya baraza alivyotendewa, kisha akanyage hapa. Udongo ukikauka, mimi huyo, naruka. Na jua mnaliona."

Digidigi akaomba moyoni: jamani, wapatikane watatu, nisiwe mmoja wao.

Akakimbia. "Hodi! Hodi kwa Ngiri!"

Ngiri alikuwa amekaa nje na mama mkwe wake, aliyeshuka kutoka upande wa juu wa bonde kumtembelea.

"Bwana Ngiri, njoo umshuhudie Muhanga. Si unakaa kwenye shimo lake?"

Ngiri akakohoa. "Shimo la nani? Nyumba hii nimeichimba kwa pembe zangu hizi!"

"Lakini Bwana Ngiri..."

"We vipi? Unataka kuniaibisha mbele ya mkwe?"

Korongo akalia kutoka mbali: "Udongo unakauka, Digidigi!"

Digidigi huyo, mbio! Akakimbilia kwa Nungunungu. "Hodi!"

Nungunungu akageuka, akaziba mlango kwa miiba yake, chaka-chaka-chaka. "Sitaki ugomvi na Jumbe. Nikikanyaga leo, kesho nafukuzwa mimi. Nenda zako, mwanangu."

"Udongo unakauka, Digidigi!"

Akarudi barazani mikono mitupu. Wanyama wamejaa. Udongo umeanza kupasuka pembeni, na hauna hata unyayo mmoja. Jumbe Nyati anatabasamu.

Mara vumbi! Ni yule mama mkwe, amemtanguliza Ngiri, anamsukuma kwa pua. "Sema!"

Ngiri akainamisha kichwa. "Nyumba yangu... alichimba Muhanga. Mimi nilifagia tu."

Wanyama wakacheka wakashika mbavu. Ngiri akakanyaga.

"Na mimi," akasema mama mkwe, "nimezaa mara nne katika mashimo yake. Huyu mkwe alidhani silijui shimo la Muhanga! Mkwe anayefagia ananitosha." Akakanyaga, pwa!

Mbili.

"Wa tatu yuko wapi?" Korongo akauliza.

Wanyama wakatazamana. Digidigi akautazama udongo. Akisema, wimbo wake umekufa. Asiposema, yule bibi amelala huko hana habari, na jua linashuka.

Korongo akakunjua mbawa. "Udongo unakauka, Digidigi."

"Mimi!" Sauti ilimtoka kabla hajawa tayari. "Sikuushinda moto. Niliogopa, nikajificha kwa Muhanga. Alinikinga kwa mgongo wake, akaungua yeye. Hata asante sikumpa."

"Na ule wimbo?" mmoja akauliza.

"Ule wimbo ni wa uongo."

Akakanyaga. Wapi! Udongo mgumu, mguu mwepesi. Akarukaruka juu yake, tu, tu, tu. Hakuna alama. Jumbe Nyati akaangua kicheko. Digidigi akainama akalia, akalia kwa aibu na kwa hofu, machozi yakadondoka palepale, to, to, to. Udongo ukalainika. Akaweka mguu tena. Unyayo ukaingia, mdogo kama punje ya kunde.

Korongo akainama, akauchungulia. "Tatu," akasema. Akaruka. Jumbe Nyati akarudi kwake akichechemea.

Jioni Bibi Muhanga akaamka, akamkuta Digidigi mlangoni.

"Kuna nini, mjukuu wangu?"

"Nimekuja kusema asante, bibi."

"Ya nini?"

"Ya mwaka jana."

Mnataka kujua kama Simba alimpa nishani? Alimpa. Bibi akaifukia alipokuwa anatafuta mchwa, akaisahau. Lakini mtazameni digidigi hata leo: chini ya jicho ana doa jeusi. Ni njia ya yale machozi.

Basi watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya kusinzia: aliyekusitiri mtaje wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Ukingoja wengine wamtaje, udongo utakauka.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Muhanga. Mwenye asante yake aliyoikalia, aende akapige hodi.