Hatua Kumi za Bure

Haya, tegeni masikio, hii ni ya Mshamu kinyozi. Tajiri Mwinchande, aliyekaa Marekani miezi mitatu akarudi anajua kila kitu, aliutaka uwanja wa mtaa ajenge ukumbi wa harusi.

"Tucheze mpira wa Kimarekani," aliwaambia watu wa mtaa. "Mkifika kwenye mstari wangu, uwanja wenu. Mkishindwa, kesho naweka ukuta."

"Sheria zikoje, bosi?" Mshamu aliuliza.

"Mpira unabebwa. Ukianguka, unaokotwa kwa mkono. Atakayeupiga teke, wapinzani wanapewa hatua kumi za bure. Umeelewa, au nikuchoree?"

"Nichoree tu, bosi, sisi mbumbumbu."

Mwinchande akakodi washambuliaji hatari wa soka, wa ligi ya mkoa. Mshamu akaleta vinyozi wenzake, vitambi mbele.

Filimbi ikalia. Mshamu akabeba mpira hatua mbili, ukamponyoka, ukabingirika hadi kwa mshambuliaji. Watu wakamzomea. Mshambuliaji kuona mpira chini, mguu haukungoja ruhusa. Pwaa! Hatua kumi. Mshamu akabeba tena, ukamponyoka tena. Pwaa! Teke la sita likawafikisha vinyozi kwenye mstari wa tajiri.

"Si niliwakataza kupiga mateke!" Mwinchande aliwafokea wachezaji wake.

"Usiwagombeze, bosi," alisema Mshamu, hata jasho halijamtoka. "Kwa vitambi hivi, bila miguu yao tungefika lini?"