Taarifa Sita kwa Marehemu

Mgeni aliingia saa nane mchana wa Ijumaa, katika chumba ambacho wageni hawakuwa na desturi ya kukiingia. Kilikuwa chumba cha mwisho kwenye ujia wa ghorofa ya chini, na mlangoni pamebandikwa karatasi yenye maneno "Huduma za Kompyuta". Ndani mlikuwa na meza mbili, rundo la kibodi zilizokufa, na ukuta wa kioo uliotenga seva za idara, zilizonguruma mchana kutwa kama nyuki mzingani. Mgeni mwenyewe alikuwa mzee wa makamo. Viatu vyake vilikuwa vimeshika chokaa na kucha zake zimeliwa na saruji. Kwapani alibana mfuko wa saruji uliofuliwa ukatakata, ukakunjwa mara nne.

"Hodi, wanangu," alisema, na tayari alikwisha kuwa ndani.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa kazi ya binti yangu iko humu. Nimekuja kuichukua." Akaukunjua ule mfuko na kuupiga kofi ujae hewa. "Usipotosha nitafuata mwingine."

Kaka Nyaya, fundi wa mtandao aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuonekana kamwe bila waya shingoni, aliinama chini ya meza kana kwamba ameangusha kitu. Mwenzake, fundi wa seva, hakucheka. Huyu alikuwa msichana aliyehitimu mwaka uliopita, na idara nzima ilimwita Dada Subiri. Kila aliyempelekea tatizo aliambiwa "subiri kidogo", kisha tatizo likaisha kweli.

"Kaa kwanza, baba," alisema. "Kazi ya humu haibebwi kwa mfuko, lakini inabebeka. Binti yako ni nani?"

Mzee akalitaja jina polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayepanga matofali. Dada Subiri akaliandika. Kioo cha kompyuta kikaonyesha mstari mmoja wa kijani: taarifa zilizotumwa: sita; majibu: hakuna; hali: ameridhia kazi ifutwe.

"Yeye mwenyewe yuko wapi, baba?"

"Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike. Homa ya siku nne tu, mama."

Dada Subiri aliurudia kuusoma ule mstari wa kijani. Kesho yake, Jumamosi saa nne asubuhi, seva kuukuu ya idara ilikuwa isasishwe. Kila kilichokuwamo kingefutwa ili mfumo mpya upate nafasi. Watafiti walikuwa wamearifiwa wahamishe kazi zao mapema, na ili asihangaike kumfuata mmoja mmoja, Dada Subiri alitunga programu ndogo ya kutuma taarifa. Ilituma barua sita, moja kila wiki, zote zikianza kwa "Ndugu mtumiaji mpendwa". Asiyejibu hata moja, programu ilimwandika kuwa ameridhia. Mkuu wa kitengo aliisifu programu hiyo mbele ya kikao kizima. Hakuna aliyewaza kwamba yuko mtu asiyejibu kwa sababu amelala kaburini.

"Ilikuwa kazi gani, baba?"

Hapo mzee akanyooka. Yeye alikuwa mwashi, akaeleza, na binti yake alisomea ujenzi. Kwa miaka miwili walikwenda pamoja nyumba kwa nyumba kwenye mtaa wa bondeni, yeye ameshika ngazi na rula, binti ameshika kamera, wakipima nyufa za kuta. Nyumba mia tatu na kumi na mbili. Kila ufa ulipimwa mara tatu kwa mwaka ili ijulikane upi umelala na upi unatembea, yaani unazidi kupanuka.

"Aliwaambia wenye nyumba, nikimaliza kuhesabu nitawaambieni ukuta gani uvunjwe na ukuta gani uachwe. Sasa mvua zinakaribia. Juzi mama mmoja kanifuata. Kaniuliza, fundi, nilaze watoto chumba kipi? Nikamtazama tu. Mimi ufa naujua kwa macho. Hesabu alikuwa nayo yeye. Msimamizi wake anasema akipata vipimo vyote na picha zote, yupo mwanafunzi wa kuimalizia. Pungufu, haisaidii. Anasema ufa mmoja ukikosa picha yake ya mwanzo, hujui kama unatembea."

Dada Subiri alitazama chini. Alitamani kusema kwamba kosa ni lake. Badala yake alisema, "Kesho, baba. Kabla hatujafuta chochote nitakupa kazi yote ya mwanao. Kila picha, kila kipimo. Nakuahidi."

"Yote?"

"Yote."

Mzee alipotoka, Kaka Nyaya aliibuka kutoka chini ya meza, na uso wake haukuwa na kicheko tena. "Mdogo wangu, unakumbuka kesho ni siku gani kwako?"

Alikumbuka. Mkataba wake wa pili wa miezi sita ulikuwa unaishia mwisho wa mwezi. Mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba sasisho hilo ndilo mtihani wake: likipita salama, atapendekezwa kuajiriwa moja kwa moja. Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani.

Haikuwa rahisi kama alivyodhani. Faili za mtu aliyefariki hazikuruhusiwa kufunguliwa bila barua ya msimamizi wake, na msimamizi alipatikana jioni, jengo likiwa linafungwa. Basi Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Dada Subiri alikuwa wa kwanza kusaini kwa mlinzi. Akafungua, akaanza kunakili. Maandishi yalitoka upesi. Picha na majedwali ya vipimo vilikuwa kwenye diski iliyochakaa, na kila diski ilipofika penye ubovu ilisita, ikarudi nyuma, ikajaribu tena, kama mkongwe anayepanda ngazi. Mzee mwashi alikuwa amekaa kwenye benchi la ujia, mikono magotini.

Saa nne kasorobo Mkuu wa kitengo aliingia na fomu mkononi. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno laini, aliyempigia kila mtu magoti kwa ulimi. Alikwisha kumpa mzee pole nje, ndefu na nzuri.

"Haya, Dada Subiri. Mafundi wa kampuni iliyotuuzia mfumo wako hewani, wanatungojea. Saini hapa tuanze."

"Mkuu, naomba tungoje. Imefika asilimia sitini na moja. Itaisha saa saba."

"Saa saba wenzetu watakuwa na chuo kingine. Tukiikosa zamu hii, tunangoja mwezi mzima, na muhula mpya uanzie kwenye seva hii inayokohoa. Leo usinisubirishie chuo kizima, mwanangu." Akacheka kidogo. "Maandishi si yametoka?"

"Yametoka. Vipimo bado, na picha bado."

Mkuu alisogea karibu, akashusha sauti. "Sikiliza. Yule mzee hajui faili ni nini. Mpe hayo yaliyotoka. Atashukuru, ataondoka, atalala usingizi. Nani atamwambia kuna vilivyobaki?"

Dada Subiri aliitazama fomu. Mstari wa chini ulisema: "Mimi fundi wa seva nathibitisha kwamba kila mwenye kazi humu amejulishwa na ameridhia." Ulikuwa mstari wake yeye. Mkuu alikuwa na mstari mwingine wa juu, tayari ameujaza. Bila sahihi zote mbili mafundi wa kampuni hawakuruhusiwa kugusa kitu.

"Hakujulishwa, Mkuu. Tulimwandikia marehemu barua sita. Na kosa hilo ni langu. Niliifundisha programu kwamba anayenyamaza amekubali."

"Basi kama ni lako, usimwadhibu kila mtu kwa ajili yake."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Alimwona mama yake akiwaza kuhusu majirani. Aliwaona wanafunzi wakipanga foleni mwezi mzima mbele ya seva inayokohoa. Kisha akamwona mama wa bondeni, asiyemjua, akiuliza alaze watoto chumba kipi.

"Foleni itawachosha wanafunzi, Mkuu, nami nitakaa nao kila siku mpaka iishe," alisema. "Lakini wao watachoka tu. Hili siwezi kulisaini."

"Kaka Nyaya?" Mkuu aligeuka. "Saini wewe kwa niaba."

"Mimi ni wa nyaya, Mkuu," alijibu yule, akishika waya wa shingoni kama shahidi. "Seva sizijui hata zikinisalimia."

Mkuu aliikunja fomu vizuri, ukingo kwa ukingo. Hakupaza sauti. "Basi mtihani umekwisha. Pendekezo lako sitaliandika. Ningependa, lakini siwezi kuliandika. Samahani sana, mwanangu. Pole sana." Akatoka, na nyuma yake harufu ya manukato ikabaki chumbani.

Saa nne ikapita. Kaka Nyaya alichemsha chai, akamwekea kikombe kimoja Dada Subiri na kingine akampelekea mzee nje. Aliporudi alisema, "Mdogo wangu, wewe ni mjinga wa aina ambayo sijawahi kuiona." Kisha akavuta kiti, akakaa naye kuhesabu asilimia.

Asilimia themanini. Tisini. Kwenye tisini na nne diski iliganda dakika ishirini, na Dada Subiri akaweka kiganja juu ya sanduku la seva kama mtu anayempima mgonjwa homa. Ikaendelea. Saa saba na dakika nane kazi ilifika mwisho. Hakuinuka. Alifungua orodha ya marehemu mwenyewe, iliyoandikwa nyumba kwa nyumba, akailinganisha na kilichonakiliwa, mstari kwa mstari. Zilikosekana picha tatu. Alirudi kwenye diski kuzitafuta, akajaribu mara saba. Mbili zikapatikana, na mara ya nane ikapatikana ya tatu: ufa mwembamba juu ya dirisha, na kando yake kidole gumba cha mwashi kikiwa kimeshika rula.

Ilikuwa saa tisa alipotoka kwenye ujia. Mzee aliinuka. Dada Subiri alimwekea flashi kiganjani kwa mikono miwili, kitu kidogo kuliko kipande cha chaki.

"Ni hii tu, baba?"

"Ni hii. Nyumba mia tatu na kumi na mbili. Nimezihesabu moja moja. Na jambo jingine, baba. Sisi ndio tulikuwa tuifute. Tuliandika barua, tukaziandika kwake yeye. Niliyekosea ni mimi. Nisamehe."

Mzee aliikunja mikono juu ya ile flashi. Macho yalimjaa machozi, wala hakuyafuta.

"Barua ngapi?"

"Sita."

"Zilisemaje?"

"Zilisema ndugu mpendwa."

Mzee akatikisa kichwa. "Yule bwana wa asubuhi naye kanipa pole nzuri. Sijapata pole nzuri kama ile tangu msiba. Wewe hukunipa pole hata moja, mwanangu. Ulisema leo, na leo ndiyo hii."

Hakumuuliza ilimgharimu nini, wala Dada Subiri hakumwambia. Alimsindikiza hadi kwenye lango la jengo, akamwonyesha njia ya ofisi ya msimamizi aliyekuwa akimngojea, akasimama pale hadi yule mwashi alipovuka uwanja kwa hatua za haraka, ngumi imefumbwa kifuani. Wahenga hawakukosea: muungwana ni kitendo.