Maiti, Mjane na Shangazi

Hapo zamani, si zamani ya mbali, ni enzi zile turubai likifungwa mtaani hakuna aliyeuliza ni la nini, aliishi Makorora, Tanga, mwigizaji mmoja jina lake Hemedi Shekue. Kazi yake ilikuwa kufa.

Alikufa kwa sumu. Alikufa kwa radi. Alikufa kwa kusukumwa kisimani. Kila filamu alikufa mapema, wenzake wakabaki wakisema hadi mwisho. Hemedi alitamani jambo moja tu: naye aseme.

"Nipe hata sentensi moja," alimwomba mwongozaji wake, Lwitiko.

"Ndugu yangu, wanaosema wamejaa. Anayekufa vizuri ni wewe."

Siku moja Lwitiko akaazima nyumba mtaani kwao Hemedi ili apige filamu ya msiba. Akafunga turubai, akapanga viti nje. Kamera akaificha chumbani nyuma ya pazia, kisha akamlaza Hemedi kitandani na kumfunika shuka.

Majirani wakaona turubai. Wakasikia aliyelazwa ndani ni Hemedi. Wanaume wakakaa vitini. Wanawake wakaanza kumenya vitunguu. Vijana wakabeba majembe, wakaenda makaburini.

Chumbani, Zaituni, aliyeigiza mjane, alikuwa analia kama alivyofundishwa. Mlango ukafunguka. Akaingia Bi Mwanakheri, shangazi yake Hemedi, mbio kutoka Pongwe, kanga kiunoni.

"Hemedi mwanangu, umekufa na sufuria langu la pilau hujalirudisha. Nilikwambia usilale mchana, ona sasa."

Hemedi akataka kucheka. Akataka kujitetea pia, maana sufuria alilirudisha. Akajizuia yote mawili. Nyuma ya pazia, Lwitiko akampungia mkono mpiga picha: endelea.

Shangazi akamgeukia Zaituni. "Na wewe unayelia kunishinda mimi, nani?"

"Mkewe, shangazi."

"Hemedi hana mke. Hemedi hana hata godoro."

"Alinioa kwa siri. Alikuwa anakuogopa."

Shangazi akamtazama, kisha akamkumbatia. Wakalia pamoja mpaka mpiga picha naye akalia. Makaburini, vijana walikuwa wamechimba hadi kifuani. Jioni, ilipojulikana Hemedi yu hai, ikabidi walifukie kaburi tupu.

Filamu ikatoka, na watu hawakuzungumzia kingine ila chumba kile. Tamasha la filamu likatoa kombe moja la mwigizaji msaidizi. Majaji wakashindwa kukubaliana, wakamwachia Lwitiko amchague mshindi. Lwitiko akaahidi kwamba atakayelitwaa atapata nafasi ya kusema, filamu ijayo, mwanzo hadi mwisho.

"Ni langu," akasema Hemedi. "Nimesemwa, nimesingiziwa sufuria, nimeozwa mke, na sikufumbua jicho. Ningetoa neno moja, mngekuwa na filamu? Nilinyamaza ili ninyi mseme."

"Ulilala," akasema Zaituni. "Nani hajui kulala? Mimi nilivamiwa na mtu asiyekuwemo kwenye hadithi, nikatunga ndoa papo hapo."

"Ninyi mlikuwa kazini," akasema shangazi. "Mimi nililia kwa uchungu wangu mwenyewe."

"Kulia kweli si kuigiza, shangazi," akasema Hemedi. "Kombe ni la waigizaji."

"Basi sikiliza. Nilipotaja sufuria, kidole chako cha mguu kilicheza. Nikajua huyu mzima. Nikainua macho, nikaona kamera. Tangu hapo yote niliigiza."

Hemedi akakunja vidole vya miguu.

"Kwa hiyo maiti alitikisika, na mfiwa alidanganya," akasema Zaituni. "Amebaki nani?"

"Umebaki wewe," akajibu shangazi, "na nisingekuuliza wewe nani, ungekuwa unalia mpaka leo kama ulivyofundishwa."

Wote watatu wakamtazama Lwitiko. Lwitiko, kombe mkononi, akatazama mlango.

Msiutazame na ninyi. Yupo aliyenyamaza akiwa na la kusema, ila kidole kikamponza. Yupo aliyeolewa na maiti kwa ndoa aliyoitunga papo hapo. Yupo aliyeanza kwa machozi ya kweli akamalizia kwa ya kamera. Na kombe ni moja. Je, nani alistahili?