Chungu cha Nakiete

Paukwa, walio mbele!

Pakawa, hadi wa nyuma!

Basi sogeeni motoni. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole nisikike.

Hapo kale, huko milimani, palikuwa na shimo la udongo wa kufinyangia. Aliyeruhusiwa kuchimba ni yule tu ambaye bibi yake wa zamani alichimba pale. Na kila mchimbaji alifukia chungu chake cha kwanza mlangoni pa shimo, kifudifudi, kutoa shukrani.

Akaja Mkunde, mfinyanzi, na kichanga chake mgongoni na chungu chake mkononi. Kwao mvua ilikata, akakimbilia huko milimani, kwenye asili ya mama yake. Bila udongo hana kazi, bila kazi mtoto atalala njaa.

Bibi mlinzi wa shimo akamzuia. "Mwanangu, bibi yako aliyechimba hapa ni nani?"

"Jina silijui, bibi. Alikuwa mfinyanzi tu."

"Wafinyanzi ni wengi. Kalitafute jina."

Akaenda kwa Tai. "Tai, Tai, bibi yangu ni nani?"

"Alikuwa mke wa mfalme?"

"La."

"Basi sikumwona."

Akaenda kwa Fisi. "Fisi, Fisi, bibi yangu ni nani?"

"Matangani kwake walichinja ng'ombe?"

"Sidhani."

"Basi simkumbuki."

Mkunde akaketi chini akalia. "Jamani, mtu anaishi, anazaa, anapika, kisha hata jina linapotea?"

Nyigu akatua gotini pake, na tonge la udongo mdomoni. Mkunde akamwuliza, "Nyigu, Nyigu, bibi yangu ni nani?"

"Nionyeshe chungu chako."

Mkunde akamwonyesha. Mdomo wa chungu ulikuwa umebinywa upande mmoja, maji yasichuruzike. Ndivyo mama yake alivyomfundisha.

"Huu mbinyo naujua!" akasema Nyigu. "Ukoo wangu umechota udongo shimoni miaka yote, na mama zetu walitusimulia. Palikuwa na mwanamke wa kubinya hivi. Wenzake walimcheka, wakadhani amekosea. Kila asubuhi walimwita, 'Nakiete! Nakiete, ongeza maji!'"

Mkunde akarudi mbio. "Bibi, ni Nakiete!"

"Nakiete? Hatumjui."

"Basi tufukue vyungu."

Wakafukua cha kwanza, mdomo mviringo. Wakafukua cha pili, mdomo mviringo. Wakafukua cha tatu, kimebinywa! Mkunde akaweka chake kando, vikafanana kama mapacha.

Bibi mlinzi akasogea pembeni. "Pita, mwanangu. Tulikuzuia mlangoni kwenu."

Mkunde akalia tena, safari hii kwa furaha. Akachota udongo, akamtilia mtoto kiganjani. Kidole kidogo kikabinya.

"Hivyo hivyo," akasema mama yake. "Hivyo hivyo, Nakiete." Na hilo likawa jina la mtoto.

Basi nanyi muulizeni bibi jina la bibi yake, angali anaongea. Hata ambaye hakuimbwa alikuwa mtu, na mikono yenu imetoka kwake.

Ngano yangu naitua hapa, atakaye aibebe. Mimi walinipa chungu kimoja, nikakivunja njiani nikija kwenu. Ndiyo maana maharage hayajaiva.